Maswali ya Wasomaji: Mwenzi Yuko Marekani na Cheti cha Kuzaliwa Hakipo

Majina ya waliotuandikia tumeyaficha kwa ombi lao, na barua zenyewe tumezifupisha. Zote tatu zimetoka mkoa wa Dodoma na zinahusu jambo moja: mtu ambaye hakuandikishwa alipozaliwa, na sasa anaombewa na mwenzi wake kuhamia Marekani.

SWALI

Ndugu Mhariri, shikamoo. Nilizaliwa nyumbani, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, msimu ule wa mvua za El Niño, mwaka 1998. Aliyemzalisha mama ni bibi mmoja mkunga wa jadi ambaye mpaka leo yu hai. Wazazi wangu hawakuwahi kuniandikisha. Nimefunga ndoa kanisani na Mtanzania mwenzetu ambaye sasa ni raia wa Marekani, naye ameanza maandalizi ya kuniombea nihamie kwake. Anasema cheti cha kuzaliwa ni lazima. Nilicho nacho ni kadi ya ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba na kitambulisho cha taifa. Kuna mtu hapa mjini, mzoefu wa mambo ya ofisini, ameniambia nikimpa fedha ataniletea cheti ndani ya wiki moja, kikiwa kimeandikwa kwamba niliandikishwa mwaka uleule niliozaliwa, kwa sababu eti Wamarekani hawapokei cheti kipya. Je, ni kweli? Na nikieleza tu kwa barua kwamba sina cheti, haitoshi?

Mke wa Mbali, Chamwino

JIBU

Marahaba, dada yangu, na hongera kwa ndoa.

Nianze na huyo mtu wa mjini, kwa kuwa anaweza kukuharibia zaidi ya huko kukosa cheti. Watu wa aina yake ndio tunaowaita vishoka, na biashara yao ni kuuza kwa haraka kile ambacho ungekipata kwa utaratibu. Cheti kinachodai kwamba uliandikishwa mwaka 1998, ilhali hukuandikishwa, ni cha kughushi hata kama karatasi yake ni halali na muhuri wake umepigwa na mkono wa ofisa. Mwenye daftari ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, na cheti kisicho na kumbukumbu yake ndani ya daftari hugundulika mara tu kinapopelekwa kuhakikiwa. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema kwamba anayejaribu kupata viza kwa udanganyifu, au kwa kupotosha kwa makusudi jambo la msingi, hupoteza sifa ya kuingia nchini humo, na zuio hilo halina ukomo wa miaka. Msamaha upo, lakini huombwa kwa fomu yake ya pekee, na hutakiwa kuthibitishwa kwamba mwenzi aliyeko kule atapata taabu kubwa kupita ya kawaida iwapo mwenzake atakataliwa. Kukosa cheti hakuna adhabu ya namna hiyo. Ni upungufu unaozibika.

Dai lake kwamba cheti kipya hakipokelewi lina chembe ya ukweli aliyoipindisha. Cheti cha kuzaliwa huonyesha tarehe ya kuzaliwa na pia tarehe ya kuandikishwa, na ofisa akiona pengo la miaka zaidi ya ishirini kati ya tarehe hizo mbili hutambua kwamba usajili ulitegemea kumbukumbu za watu na karatasi nyingine. Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ya Marekani ilishughulikia jambo hili mwaka 1997 katika shauri la Bueno na tena mwaka 2017 katika shauri la Rehman, na msimamo wake ni kwamba cheti kilichoandikishwa kwa kuchelewa hupimwa pamoja na ushahidi mwingine wote uliopo. Hakitupwi, na hakimalizi hoja peke yake. Mashauri hayo yalihusu uhusiano wa damu, ambako cheti ndicho kilichotegemewa kuthibitisha undugu. Kwa mke na mume mzigo ni mwepesi kidogo, kwa sababu uhusiano wenu unathibitishwa na cheti cha ndoa, na cheti cha kuzaliwa kazi yake ni kueleza wewe ni nani, una umri gani, ulizaliwa wapi na wazazi wako ni akina nani. Kwa hiyo, tangu sasa hofu yako iwe juu ya karatasi zinazopingana. Ofisa humwelewa kwa urahisi mtu aliyezaliwa kijijini bila kuandikishwa. Asichokielewa ni mtu mmoja mwenye tarehe tatu za kuzaliwa.

Barua ya kueleza kwamba huna cheti haitoshi. Kanuni za uhamiaji za Marekani zinasema wazi kwamba hati inayotakiwa ikikosekana, mwombaji huhesabiwa kuwa hajatimiza masharti mpaka athibitishe vinginevyo, na zinaweka ngazi za kupanda. Kwanza hutakiwa hati yenyewe. Ikiwa haipo na haiwezi kupatikana, huletwa tamko la maandishi la mamlaka husika kueleza hivyo pamoja na ushahidi wa daraja la pili, kama vile kumbukumbu za kanisa au za shule. Huo nao ukikosekana, ndipo zinapokuja hati za kiapo za watu wawili au zaidi wasio sehemu ya maombi, wanaolijua tukio wao wenyewe. Wengi wetu huruka ngazi mbili za kwanza na kukimbilia kwa wakili kula kiapo, kwa sababu kiapo hupatikana asubuhi moja. Katika nchi yetu ni vigumu sana kumshawishi ofisa kwamba cheti hakiwezi kupatikana, maana sheria yetu inaruhusu mtu mzima kuandikishwa kwa kuchelewa. Unachotakiwa kufanya, kwa hiyo, ni kuandikishwa kihalali sasa, kisha kuambatanisha na cheti hicho karatasi za utotoni zinazokiunga mkono.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, omba upekuzi wa kumbukumbu ufanyike. Usishangae, wapo watu waliokuja kugundua ukubwani kwamba baba au mjomba aliwaandikisha bila kuwaambia, na mtu akiandikishwa mara mbili, kwa tarehe mbili, amejitengenezea mgogoro ambao hakuwa nao. Katika upekuzi huo kumbuka kwamba ulipozaliwa wilaya ya Chamwino haikuwepo. Chamwino na Bahi zilitokana na kugawanywa kwa iliyokuwa wilaya ya Dodoma Vijijini mwaka 2007, kwa hiyo kumbukumbu yako, kama ipo, itatafutwa kwa jina la Dodoma Vijijini. Jambo hilihili litajitokeza kwenye karatasi zako: kadi ya ubatizo huenda inasema Dodoma Vijijini wakati kitambulisho cha taifa kinasema Chamwino, na mgeni aliyeketi mbali atadhani ni mahali pawili. Barua fupi ya mtendaji wa kijiji au ya ofisi ya wilaya, inayoeleza kwamba kijiji ni kilekile na kilichobadilika ni jina la wilaya, inamaliza utata huo kabla haujaulizwa.

Upekuzi ukionyesha kwamba hukuandikishwa, utaomba usajili wa kuchelewa chini ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108. Kizazi kinachoandikishwa baada ya siku 90 huhesabiwa kuwa kimechelewa, na kwa mtu aliyezidi miaka kumi huhitajika kibali cha Msajili Mkuu, ndiyo maana maombi ya mtu mzima hayaishii mezani kwa ofisa wa wilaya. Maombi huwasilishwa kwa mfumo wa mtandaoni wa RITA, na kama intaneti inakusumbua, ofisi ya usajili ya wilaya itakuelekeza. Utatakiwa kupeleka vielelezo vyako, pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji au kata. Malipo yote yafanyike kwa kumbukumbu namba ya serikali unayopewa na mfumo, na stakabadhi uitunze. Anayekuomba umtumie fedha kwenye namba yake ya simu hakusajili wewe.

Sasa chukua kadi yako ya ubatizo uisome kana kwamba hujawahi kuiona. Tazama kama ina tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kubatizwa kwa mistari miwili tofauti, kama majina ya baba na mama yameandikwa yote, na kama muhuri wa parokia au wa mtaa unasomeka. Nasisitiza hivyo kwa sababu maelekezo ya fomu I-130, ile ya kumwombea mwenzi ambayo mume wako ataijaza, yanaeleza kumbukumbu ya kanisa inayokubalika kuwa ni yenye muhuri, inayoonyesha tarehe na mahali pa kuzaliwa, tarehe ya ibada na majina ya wazazi, na kwamba ibada hiyo ilifanyika ndani ya miezi miwili tangu kuzaliwa. Katika vijiji vyetu vingi kasisi au padri huja kwa zamu, na mvua ikinyesha kama ya mwaka ule njia hukatika, kwa hiyo inawezekana kabisa ulibatizwa ukiwa na miezi sita au mwaka. Kadi ya namna hiyo bado ina thamani, ila inapungua nguvu, na ni vyema kasisi wa sasa akuandikie dondoo kutoka kitabu cha ubatizo, si kutoka kwenye kadi yako, akitaja ukurasa au namba ya mstari ulioandikwa jina lako. Kitabu kile kiliandikwa wakati ambapo hakuna aliyewaza habari za Marekani, na hapo ndipo penye uzito wake.

Kwa upande wa shule, cheti cha darasa la saba ni kizuri, lakini kilicho bora ni barua ya mwalimu mkuu wa shule ya kwanza uliyosoma, inayotokana na rejesta ya uandikishaji: siku uliyoandikishwa, umri au tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa siku hiyo, mahali ulipozaliwa na majina ya wazazi. Uhitaji huo nao umetajwa katika maelekezo ya fomu. Ukikuta rejesta imeliwa na mchwa, mwalimu mkuu aandike hivyo hivyo kwamba haipo na kwa nini. Yule bibi mkunga ni hazina. Ingawa kiapo ni ngazi ya mwisho, kiapo cha mtu aliyekupokea kwa mikono yake kinafaa kukaa nyuma ya cheti cha kuchelewa. Kiapo chake kiandikwe mapema, maana umri wake hauwasubiri ninyi. Kama naye hajui tarehe yake ya kuzaliwa, kiapo kiseme mwaka wa kukadiria na kitaje kwamba ni wa kukadiria.

Jambo linalowachanganya wengi ni wakati. Maombi ya I-130 ya mume kwa mke hayadai cheti cha kuzaliwa cha mke mwanzoni. Yanadai uthibitisho wa uraia wa mwombaji, cheti cha ndoa, picha zenu, hati za kuvunjika kwa ndoa za awali kama zilikuwepo, na ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli. Cheti chako kitahitajika baadaye, maombi yakishakubaliwa na kupelekwa Kituo cha Taifa cha Viza cha Marekani, utakapojaza fomu DS-260, yaani ya maombi ya viza ya kuhamia, na kupakia hati za kiraia. Mume wako, basi, anaweza kuanza wakati wewe unafuatilia RITA. Sharti ni moja: tarehe na majina atakayojaza siku ya kwanza yawe yaleyale utakayoweza kuyathibitisha mwishoni, kwa hiyo asibahatishe kwa simu usiku wa manane. Mtumie picha ya kitambulisho, kadi na cheti cha shule, mkubaliane herufi kwa herufi. Kila hati ya Kiswahili atakayoipeleka katika hatua hiyo ya kwanza iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mtafsiri aandike na kutia sahihi kwamba anazimudu lugha hizo mbili na kwamba tafsiri ni sahihi na kamili.

Hakikisheni pia kwamba cheti chenu cha ndoa ni kile cha serikali kinachotolewa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kile cha kanisa chenye maua pembeni kinapendeza ukutani, ila peke yake hakitoshi. Na kabla ya kulipa ada yoyote, mume wako asome kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hali ilivyo siku hiyo kwa raia wa Tanzania, kwa sababu utoaji wa viza huweza kuzuiwa au kuwekewa masharti mapya kwa agizo la rais wa nchi hiyo hata kwa mtu ambaye karatasi zake hazina kasoro.

SWALI

Mhariri, salaam. Nilizaliwa katika eneo ambalo sasa ni wilaya ya Chemba. Baba alifariki, mama hakumbuki tarehe. Cheti changu cha shule ya msingi kinasema nilizaliwa 1986. Nilipoomba kazi ya ulinzi nilipunguza miaka mitatu ili nipate, na tangu hapo kitambulisho cha taifa na pasipoti vyote vinasema 1989. Majina nayo yana shida: shuleni niliandikwa jina langu na la baba tu, kwenye pasipoti kuna jina la babu pia. Mke wangu ana kadi ya ukazi wa kudumu wa Marekani na ameshaniombea kwa tarehe ya pasipoti. Miaka ya nyuma niliwahi kuomba viza ya kutembea nikanyimwa. Nakwenda kuchukua cheti cha kuzaliwa. Je, nikiandikishe kwa 1989 ili kilingane na pasipoti?

R. I., Kondoa

JIBU

Hapana, ndugu yangu. Ukifanya hivyo utakuwa umeongeza hati ya nne juu ya uongo wa kwanza, na safari hii utakuwa umeutamka mbele ya msajili wa vizazi.

Najua kwa nini wazo hilo linavutia, kwa kuwa pasipoti ndiyo inayosafiri na kila kitu kingeonekana kulingana. Lakini usajili wa kuchelewa utakudai vielelezo, na kielelezo chako cha zamani kuliko vyote ni cha shule, kinachosema 1986. Utakificha? Ukikificha, utabaki na cheti kipya kisicho na karatasi hata moja ya utotoni ya kukisindikiza, na ubalozini ndicho kitu cha kwanza kutiliwa shaka. Tarehe nayo huwezi kuifunika: namba ya kitambulisho cha taifa huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na kila mahali ulipoandika namba hiyo umeandika 1989.

Mpangilio wa kazi uanzie chini. Tafuta kwanza ukweli wa tarehe yenyewe, kwa maana hata 1986 huenda ilikadiriwa na mwalimu aliyekutazama kimo. Nenda kwenye rejesta ya shule ya kwanza. Waulize wenzako wa rika ambao waliandikishwa. Muulize mama alikuwa na mtoto gani mgongoni wakati wa tukio linalofahamika, kama vile Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985. Ukishaipata, andikisha kizazi kwa tarehe hiyo, na katika upekuzi taja Kondoa, kwa sababu Chemba ilimegwa kutoka Kondoa ulipokuwa umeshakuwa mtu mzima. Cheti kikitoka, kipeleke NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kuomba marekebisho, kisha Uhamiaji kwa pasipoti mpya. Hilo si jambo la siku chache, na utaulizwa maswali usiyoyapenda. Kwa vile ulitoa taarifa isiyo sahihi kwa mamlaka za nchi yako, zungumza na wakili hapahapa kabla hujapeleka maelezo ya maandishi. Kama fedha ni tatizo, watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo mkoani.

Suala la majina ni dogo kuliko unavyodhani. Kuongezwa jina la babu ni desturi ya nchi nzima, na fomu DS-260 ina sehemu ya kuandika majina mengine uliyowahi kuyatumia; yaandike yote, kwa tahajia zake zote, kisha uambatanishe hati ya kiapo inayosema kwamba yote ni ya mtu mmoja.

Ile viza uliyonyimwa ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Fomu ya sasa itakuuliza kama umewahi kukataliwa viza, na wenzetu hawa hutunza maombi ya zamani pamoja na alama za vidole, kwa hiyo tarehe ya 1989 tayari wanayo. Kuikiri na kuieleza, pamoja na ushahidi wa tarehe ya kweli, ni njia inayopitika, hasa kwa kuwa miaka mitatu ya umri haibadilishi sifa ya mtu mzima kuombewa na mkewe. Hata hivyo, kupima kama tamko lako la zamani lilikuwa la msingi au la ni kazi ya mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni ya Marekani, na mke wako aliyeko huko ndiye mwenye nafasi nzuri ya kumtafuta. Pia amweleze kwamba maombi yaliyopo yana tarehe inayopaswa kusahihishwa. Asisubiri mpaka siku ya mahojiano. Muda mnao: mke mwenye ukazi wa kudumu humwombea mumewe katika kundi lenye ukomo wa viza kwa mwaka, na foleni yake husogea kwa taarifa ya kila mwezi. Akipata uraia, foleni hiyo haitawahusu tena.

SWALI

Mwanangu Mhariri, binti wa kaka yangu anakwenda kwa mumewe Marekani. Alizaliwa hapa Mpwapwa mwaka 1994 bila kuandikishwa. Sasa wameniletea karatasi ya kiapo iliyokwisha kuchapwa, ya Kiingereza, niweke dole gumba. Kijana wangu kanisomea, inasema nilikuwepo akizaliwa nikashuhudia kwa macho. Wakati ule mimi nilikuwa nimeolewa Kilosa, nikaja kumwona mtoto baadaye. Kaka ananiambia ni utaratibu tu wa kawaida, niweke. Nifanyeje?

Shangazi, Mpwapwa

JIBU

Shikamoo mama. Usiweke dole kwenye karatasi hiyo.

Kiapo cha uongo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na anayeshtakiwa ni aliyekula kiapo. Aliyekichapa hatakuwepo. Kwa binti nako kuna hatari: ofisa akimuuliza shangazi yake alikuwa akiishi wapi mwaka 1994, naye akajibu Kilosa kwa sababu ndiyo kweli anayoijua, kiapo chako kitakuwa kimemwangusha.

Hata hivyo una jambo la kweli la kuapia, nalo linafaa. Maelekezo ya Wamarekani yanataka mwapaji aliyekuwa hai wakati wa tukio, mwenye kulijua yeye mwenyewe, na aeleze kwa ukamilifu amelijuaje. Hayasemi lazima awe alisimama kando ya kitanda. Waambie waandike upya kwa maneno yako, mathalani hivi: "Mimi ni dada wa baba yake. Mwaka 1994 nilikuwa nikiishi Kilosa. Nililetewa habari kwamba wifi yangu amejifungua mtoto wa kike nyumbani kwao Mpwapwa. Nilisafiri nikafika mtoto akiwa bado hajaanza kukaa, nikamkuta mama yake akimnyonyesha, nikamshika. Nimemfahamu tangu siku hiyo, na ndiye huyu anayeomba." Kama unaukumbuka mwezi, utaje, kama unakumbuka tu kwamba ilikuwa baada ya mavuno, sema baada ya mavuno. Kiwepo pia jina lako kamili, mahali unapoishi, tarehe na mahali ulipozaliwa na uhusiano wako na binti. Viapo vya wanafamilia vinakubalika. Wasiokubalika ni mume na mke wenyewe, kwa kuwa maombi ni yao.

Anayefaa kusema alishuhudia ni yule aliyeshuhudia: mama mzazi kama yu hai, mkunga, au jirani aliyeitwa usiku ule kuchemsha maji. Kaka yako amtafute huyo, na viapo vitakuwa viwili, kila kimoja na lake. Tena visifanane sentensi kwa sentensi, maana viapo vilivyonakiliwa kutoka kwa mmoja hupoteza thamani yake hata kama kila neno ni kweli. Mkumbushe pia kwamba viapo havichukui nafasi ya usajili. Binti aende RITA kama tulivyomweleza msomaji wetu wa Chamwino.

Halafu hiyo lugha. Huwezi kuapia maneno usiyoyaelewa. Omba kiapo kiandikwe kwa Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza iambatanishwe, au, kikibaki cha Kiingereza, usomewe kwa lugha unayoielewa na jambo hilo liandikwe palepale chini, pamoja na jina la aliyekusomea. Kamishna wa viapo anapaswa kuandika mahali na tarehe ulipoapa, na kama anakufahamu mwenyewe au umetambulishwa kwake na nani, kwa hiyo ni lazima uende mbele yake. Karatasi ya kuletewa nyumbani ikiwa imeshagongwa muhuri irudishe ilikotoka. Chukua kitambulisho chako, na ukimaliza uombe nakala moja ubaki nayo, ili binti akipigiwa simu na kuulizwa juu ya kiapo hicho, nawe uwe unajua kimesema nini.